Jiwe la Duka la Vifungo

Juzi pale Hjulsta, kwenye harusi, mmoja wenu aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikamwambia, "Nilikuwa naandika majina ya watu." Akaitikia kwa adabu, "Aha, Bi Zuhura alikuwa karani." Nikamwacha, maana sinia la pilau lilikuwa linapita na mambo yana wakati wake. Leo namsahihisha. Sikuwa karani. Nilikuwa fundi wa kuchonga herufi kwenye mawe. Mkipita kwenye makaburi ya mji huu wa Stockholm, majina mengi mnayoyaona yamepita mkononi mwangu, na wenye majina hawajawahi kuleta malalamiko.

Najua mtanijibu Kiswidi, wanangu. Si neno. Mimi nitasema Kiswahili, nyinyi jibuni mtakavyo, tutaelewana kama tunavyoelewana siku zote.

Nilikuja huku mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikimfuata mume wangu Salim aliyeletwa kusomea uhandisi. Sote ni watu wa Tanga. Yeye akawa anashinda chuoni, mimi nikawa nashinda dirishani nikihesabu miti isiyo na majani, mpaka nikachoka. Nikatafuta kazi, nikapata ya kufagia kwenye karakana ya mawe kule Upplands Väsby. Mwenye karakana aliitwa Göran, mtu mrefu, mwembamba, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Maneno yake kwa siku nzima yangeingia kwenye kikombe cha kahawa na nafasi ya maziwa ikabaki.

Nilivyopanda cheo ni hivi: msaidizi wake aliacha kazi akaenda kuendesha basi. Göran akatazama huku na huku, akaniona mimi na ufagio wangu.

"Unaweza kupiga nyundo?"

"Nimetwanga mpunga tangu utotoni."

"Mpunga unatwangwa kwa nyundo?"

"Kwa mchi. Ni mkubwa kuliko nyundo."

Akafikiri kidogo, kisha akanipa tindo na kipande cha jiwe kilichovunjika. Mwaka mzima nikawa nachonga mstari mmoja tu, wima, kwenye mawe mabovu. Mstari mzuri akiutazama hakusema kitu. Mbaya aliupapasa kwa kidole gumba, akaguna.

Nawapa na nyinyi siri ya kazi, japo najua siku hizi mashine inachora, inakata na kupuliza mchanga, na fundi anakunywa chai. Tindo lishikwe kama unavyoshika yai, usilikabe. Nyundo iwe ndogo, mapigo yawe mepesi na mengi; anayepiga kwa nguvu anataka kumaliza, na jiwe halimpendi mtu anayetaka kumaliza. Anza katikati ya mstari, uende ukingoni. Lowesha jiwe ili vumbi lisiruke, na funga pua. Göran hakufunga pua yake hata siku moja, na kikohozi kilichokuja kumchukua kilisikika tangu barabarani.

Makosa nilifanya, tena ya kuchekesha. Kuna mzee aliitwa Åke. Waswidi wana kile kiduara juu ya A, kidogo kama punje ya mtama. Nikakisahau. Mjane wake akaja, akavaa miwani, akalitazama jiwe. Akasema, "Mume wangu alipoteza kofia maisha yake yote. Mrudishie na hii." Nikachonga kiduara pale pale mbele yake. Bahati yangu kilikuwa kitu cha kuongeza. Ingekuwa herufi imezidi, ningekuwa nafagia mpaka leo.

Lakini hadithi niliyotaka kuwapa ni ya jiwe moja, na si la kaburini.

Kule Södermalm kulikuwa na duka la vifungo. Vifungo, zipu, uzi, riboni, sindano. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja, maana makoti ya huku yana vifungo vingi na watoto hawana huruma. Duka lilikuwa la ndugu wawili, Josef na dada yake Hanna, Wayahudi waliofika Sweden baada ya vita kuu. Wa kwao wengine wote waliuawa kule walikotoka. Waliobaki ni hao wawili, na walikuwa wamekwisha zeeka pamoja nyuma ya kaunta ile. Hanna ndiye alikuwa anajua kila kifungo kilipo. Ukimpelekea koti lililopungua kifungo kimoja, alilitazama mara moja, akafungua droo, akatoa kifungo kilicho ndugu ya vile vingine.

Kwanza waliandikiwa matusi mlangoni. Josef akayafuta. Yakaandikwa tena. Kisha, mchana mmoja wa vuli, Josef akiwa amekwenda kuchukua mzigo, vijana wawili wakatupa chupa ya petroli ndani kupitia dirisha. Riboni na nyuzi ni chakula cha moto. Hanna alikuwa chumba cha nyuma. Walimtoa akiwa hai, akafia hospitali.

Vijana walikamatwa. Mahakamani walisema hawakujua kama ndani kuna mtu. Josef aliniambia baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Walijua duka ni la nani. Hicho ndicho walichokijua."

Majira ya baridi yakaingia, duka limezibwa mbao, mlango umepigwa masizi. Ushirika wa wakazi wa jengo lile ukaanza kujadili. Wapo waliotaka pawe mahali pa kuwekea baiskeli. Wapo waliosema hapana, mtu hawezi kuegesha baiskeli pale. Mwenyekiti wao, Lennart, mwalimu mstaafu mwenye roho nzuri, akapendekeza pawe chumba cha ukumbusho: kirudishiwe kioo, kiwekwe mabenchi, kifunguliwe mchana, na ukutani pembeni ya mlango liwekwe jiwe lenye maandishi. Wakakubaliana kuhusu chumba. Maandishi wakayaacha kwanza, na kazi ya jiwe ikaletwa kwetu.

Nilipomwambia Salim nyumbani, akaacha kula. Enzi zile kila siku redioni ni habari za Mashariki ya Kati, na watu wetu wana hasira zao.

"Zuhura, na wewe mambo ya Wayahudi yanakuhusu nini?"

Nikamwambia, "Vifungo vya koti lako ulilovaa leo, nani aliviuza?"

Akalitazama koti lake. Nikasema, "Bibi mzee amechomewa ndani ya duka lake. Kama hilo halinihusu, niambie linalonihusu."

Salim alikuwa mtu wa haki, Mungu amrehemu. Alisogeza sahani akasema, "Basi lichonge vizuri."

Göran hakupenda kuongea na wafiwa, na mikutano ndiyo alikuwa anaikimbia kama ugonjwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda treni kwenda Tumba, ambako Josef alihamia baada ya moto, ili nimuulize anataka jiwe liseme nini. Alinifungulia mlango akiwa amevaa tai, kama anayekwenda dukani. Nyumba ilikuwa safi mno, mpya mno. Akanikaribisha supu. Kiswidi chake kilikuwa na lafudhi ya kwao na changu kina ya Tanga, tukawa tunasemezana polepole kama watu wanaovuka barafu.

"Sitaki jiwe," akasema.

Nikanywa supu.

"Hanna ana jiwe lake makaburini. Jiwe moja linamtosha mtu. Mama yangu hana hata moja."

Nikamsifia supu. Nikaaga, nikarudi kwa Göran mikono mitupu. Akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia, "Hataki." Göran akaendelea kunoa tindo, kisha akasema, "Nenda tena wiki ijayo." Kwa Göran hiyo ilikuwa hotuba.

Nikaenda tena. Nikaenda na mara ya tatu, na mara hii nikachukua maandishi ya Lennart, maana wakazi walikuwa wamechoka kungoja na yeye alikuwa ameandika pendekezo lake. Nikamsomea Josef: "Kwa kumbukumbu ya tukio la kusikitisha lililotokea mahali hapa."

Akaweka kijiko chini.

"Tukio," akasema. "Basi likigonga mti ni tukio. Na hapa, aliyeshika usukani ni nani?"

"Nadhani hataki kumkera mtu."

"Wewe umepita pale mara ngapi? Watu wakisoma hivyo watajua nini?"

"Watajua kuna jambo baya limetokea."

"Hata kwenye bomba la maji lililopasuka limetokea jambo baya."

Hapo nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. Nikamwambia, "Mzee Josef, makaburini wanakwenda watu waliomjua Hanna. Pale barabarani wanapita wasiomjua. Usipowaambia wewe, wataambiwa na Lennart."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu enzi za dukani. Akachukua gazeti, akararua pembe, akaandika. Mistari mifupi ya Kiswidi, na juu yake jina la dada yake kwa Kiebrania.

Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: *Hapa palikuwa na duka la vifungo la Hanna na Josef. Hapa Hanna aliuawa kwa moto kwa sababu alikuwa Myahudi.*

Jina lenyewe lilikuwa herufi tatu, na linasomwa kutoka kulia. Hilo halikunitisha, nimesoma Kurani chuoni kwa Maalimu na mkono wangu unajua njia ya kulia. Kilichonitisha ni kwamba ya kwanza na ya tatu zinafanana kama mapacha. Josef akanionyesha kwa ncha ya kalamu: ya tatu mguu wake wa kushoto haugusi dari. Kuna mwanya. "Ukiuziba," akasema, "utakuwa umemwandika mtu mwingine." Nikaenda nao mwanya ule mpaka Upplands Väsby, nauchora kwa kidole kwenye kioo cha treni, abiria wananitazama.

Mkutano wa wakazi ulifanyikia kwenye chumba cha kufulia, watu wamekaa kati ya mashine. Nilikwenda na kipande cha graniti cha kuwaonyesha, na maneno ya Josef. Lennart akayasoma kwa sauti. Baada ya hapo ikasikika mashine moja tu iliyokuwa bado inazungusha nguo za mtu.

Aliyesema kwanza ni Berit, bibi wa makamo aliyekaa ghorofa ya kwanza, moja kwa moja juu ya duka. Alikuwa dereva wa treni ya chini ya ardhi, mtu asiyeyumba.

"Mkiandika hivyo watarudi," akasema. "Nyinyi mnaokaa ghorofa ya nne mnapiga kura, mimi ndiye ninayelala juu ya lile duka. Moshi ule niliuvuta mimi."

Hakuna aliyemcheka, wala hakustahili kuchekwa. Lennart akasema labda tutafute maneno ya katikati. Mtu akasema "kuuawa" ni kali, watoto watasoma. Mwingine akasema watoto ndio wasome. Wakanigeukia mimi, mgeni, kana kwamba jiwe lina maoni.

Nikasema ukweli wa kazi yangu: "Mimi nachonga mtakachoniambia. Lakini likishachongwa halifutiki. Na mwenye duka amesema asipoandikiwa hivi, basi msiandike kitu."

Lennart akatazama karatasi yake mwenyewe kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Mimi nilikuwa mteja wao. Nakubaliana na Josef." Wakanyoosha mikono. Iliyonyooshwa ilikuwa mingi. Wa Berit ulibaki mapajani.

Nikachonga wiki baada ya wiki. Göran alinisogezea taa, akaondoka, akarudi, akaondoka. Nilipofika kwenye ule mwanya wa herufi ya tatu, alisimama nyuma yangu akaacha kupumua, na mimi nikamwambia aende akakoholee nje. Nilipomaliza aliupapasa kwa kidole gumba. Hakuguna.

Tukangoja masika ya huku, kwani udongo wa kujengea ukipigwa na baridi kali haushiki, na jiwe litakuangukia mwaka unaofuata. Wakati wa kungoja nikapewa kusafisha fremu ya mlango, mawe ya chokaa yaliyojaa masizi. Nikaanzia chini. Nilipofika usawa wa bega, Lennart akaja akasema, "Je, tukiishia hapo?" Tukaishia hapo. Mpaka leo chini ni peupe, watu wakiegemea makoti yao hayachafuki. Ukiinua macho, juu ni peusi.

Siku ya kufungua chumba, walikuja watu wengi, wakaimba, wakasimama kimya. Mtu wa dini ya kina Josef akasoma sala. Josef hakuja. Nilimpigia simu jioni, akasema mafua. Nikamwambia pole. Sote tulijua yale si mafua.

Haikupita miezi mingi, asubuhi moja Lennart akapiga simu karakana. Jiwe limepuliziwa rangi nyekundu. Alama waliyoichora mnaijua, mimi sitaitamka. Göran akanipakilia vifaa kwenye gari, kwa mara ya kwanza nikamsikia akitukana, na Kiswidi kina matusi ya shetani mengi sana.

Nilipofika nikamkuta Berit yuko pale peke yake, amepiga magoti, ana ndoo ya maji ya moto, sabuni na brashi ya waya. Bado amevaa sare ya kazi. Alikuwa ameshuka zamu akakuta vile.

"Nilisema watarudi," akaniambia bila kugeuka.

"Ulisema."

"Basi wamerudi." Akanyanyua brashi.

"Berit, usiguse. Hiyo ya waya itakwaruza jiwe kuliko wao."

"Sasa nifanye nini, nilitazame tu?"

Nikampa ndoo ya udongo mweupe na dawa ya kuyeyushia rangi, nikamwambia akoroge mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Shikeni hili, vijana, litawafaa: rangi haisuguliwi. Ukisugua unaishindilia ndani. Lowesha jiwe kwanza linywe maji, kisha libandike udongo mnene wenye dawa, funika kwa plastiki dawa ifanye kazi, kisha funua. Udongo ukikauka unaivuta rangi nje yenyewe. Berit akakoroga kama anayepika keki ya sikukuu, tukalipaka jiwe lote, tukalifunika. Wapita njia wakawa wanasimama. Mmoja akauliza kama tunaliondoa. Berit akamjibu, "Tunaliogesha," na yule akabaki kusaidia kushika plastiki.

Katikati ya kazi Berit akaniomba namba ya simu ya Josef. Nikampa, nikidhani atampigia kesho. Akapanda juu kwake, akarudi baada ya muda mfupi, akashika tena ndoo.

Mchana Josef akatokea, ametoka Tumba, na tai yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu moto. Alisimama upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu. Kisha akavuka. Akatazama fremu ya mlango, chini, halafu juu. Akachungulia ndani kupitia kioo. Nilikuwa nimekwisha bandua udongo upande wa juu, kwenye jina, na rangi ilikuwa imetoka na udongo kama ngozi ya maziwa. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda nacho polepole mpaka ya tatu, akakipitisha kwenye mwanya.

"Ni yeye," akasema.

Nikageukia ndoo yangu, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kunisumbua na sikutaka kusema ni dawa.

Berit akafuta mikono kwenye sare. "Josef, mimi sikupiga kura ya jiwe hili."

"Najua. Fundi aliniambia."

"Niliogopa."

"Hata mimi. Ndiyo maana niko Tumba."

Wakatazama barabara wote wawili. Basi likapita. Mwishowe Josef akauliza, "Sasa hapa tunangoja nini?"

Nikamwambia upande wa chini haujakauka, bado kitambo.

"Una kahawa, Berit?"

"Ipo. Keki ni ya jana."

Walikuwa majirani tangu Berit akiwa msichana, juu na chini ya dari moja, na katika muda wote ule hakuna aliyewahi kukaa mezani kwa mwenzake. Salamu zao zote ziliishia kwenye kaunta. Nikawatazama wakiingia ule mlango wa ngazi, yeye ametangulia, Josef ameshika ukuta, wanapanda taratibu. Nikaendelea kuosha zana zangu.

Baadaye dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguka. Berit akatoa kichwa.

"Fundi, mbona umebaki huko?"

Nikamwonyesha mikono, myeupe mpaka viwikoni. "Nina udongo kila mahali."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Josef ikisema kitu, na Berit akacheka.

"Anasema uje na udongo wako."